Picha Elfu Tisa za Baba

Masieda, Mbulu
23 Machi 2025

Mdogo wangu Modest,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Mwanangu Konsolata anakuamkia, shikamoo mjomba. Huku tu wazima. Mvua imeanza vizuri, mahindi ya bondeni yameshatoka, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mafua yangu yameisha. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei, na siku ukiipokea unaongea mengi mpaka salio langu linaisha bila wewe kujibu nilichouliza. Karatasi huwezi kuikata. Nimempa Abdulrahim mwenye duka Dongobesh, anakuja Arusha kuchukua mzigo. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu.

Wiki hii baada ya arobaini ya baba, baba mdogo Yonas amekuja kutoka Endasak na pikipiki mbili na vijana, wamechimbia nguzo kwenye shamba la juu ya korongo. Nilipomuuliza akasema shamba la kaka yake linabaki kwa wanaume wa ukoo, na mimi niliyeachana na mume nikarudi nyumbani nikae kwa adabu. Nimelilima shamba hilo miaka kumi na moja, Modest. Yeye hajui hata jembe linagonga mwamba wapi.

Ukoo utakaa tarehe 26 Aprili. Wazee wamesema hawataki kelele zetu, wanataka kusikia maneno ya baba mwenyewe, yale aliyoyasema uani ile Jumapili ya Desemba, wewe ukimpiga video. Mimi nikiyasema wataona najitetea. Kwa hiyo lete hiyo video. Kwenye msiba uliniambia bado unaisafisha. Miezi mitatu unasafisha nini kwenye dakika sita?

Dada yako,
Marieta


Arusha
4 Aprili 2025

Dada Marieta, shikamoo.

Barua yako Abdulrahim ameileta, amekataa hata chai mpaka nilipoipokea. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Sisi hatujambo. Mke wangu Rogathe anakuamkia, mtoto ameota meno mawili na halali. Studio ina kazi nyingi, Pasaka inakuja na kila mtu anaoa baada ya Kwaresima.

Kuhusu video, dada, usinione mzembe. Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Video unayoiona ikitembea ni picha nyingi zilizosimama, zinapita haraka mpaka jicho linadanganyika. Ya baba ina picha ishirini na tano kwa kila sekunde. Ukitaka kurekebisha kitu ndani yake kwa usafi kabisa, unaigeuza video nzima iwe picha mojamoja, kila moja na namba yake. Dakika sita ni picha elfu tisa. Naifungua moja, naisafisha, naihifadhi, naenda ya pili. Nikimaliza zote nazipanga tena kwa namba na zinakuwa video upya. Kazi hii naifanya baada ya kazi ya tajiri, ndiyo maana inachelewa.

Kuna vitu siku ile havikustahili kuonekana na watu. Baba alikuwa mtu wa heshima. Nataka wamwone kama alivyokuwa.

Flash nitampa kondakta wa basi la Mbulu kabla ya tarehe 20. Msalimie baba mdogo. Najua umekasirika naye, lakini ni mkubwa wetu, tuongee kwa upole.

Mdogo wako,
Modest


Masieda
28 Aprili 2025

Modest,

Hatujambo. Dume la ng'ombe linakua. Sina salamu zaidi ya hizo.

Flash ilifika siku tatu kabla ya kikao. Sikuwa na pa kuiangalia, nikakuamini. Hilo ni kosa langu na sitalirudia. Katekista Felician akaleta televisheni yake na betri ya sola, tukaiweka juu ya meza ya baba pale uani. Walikuja watu arobaini na kitu. Baba mdogo Yonas alikaa mbele na koti lake, miguu ameikunja. Nikasema mbele ya wote, wazee wangu, sasa msikilizeni mwenye shamba.

Baba akatokea. Mdomo unafunguka, hakuna kitu. Felician akapandisha sauti mpaka mwisho, hakuna kitu. Akachomoa flash akaipuliza, akaweka tafrija ya kipaimara ya mwanawe, wakaimba vizuri mpaka ng'ombe wakageuka. Akarudisha ya baba, kimya. Halafu mbio. Baba yetu aliyekuwa anainua kikombe kwa shida, umemfanya arushe mikono kama anafukuza nyuki. Dakika sita zimeisha kwa tatu. Watoto walianza kucheka, Modest. Watoto walimcheka marehemu kwenye uwanja wake mwenyewe, na wakubwa wakainama kuficha meno.

Na kuna jambo jingine. Siku ile nilikaa chini kulia kwa baba, nimeegemea kiti chake. Wewe unajua, ulikuwa unanitazama kwenye kioo cha kamera. Kwenye hiyo video yako sipo. Pale nilipokaa pana ukuta. Baba mdogo akasimama akasema, "Mnamwona Marieta hapo? Anasema alikuwepo. Mimi simwoni." Watu wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Katikati kitu kilimulika mara moja na kupotea, haraka kuliko kufumba jicho. Mama Letisia wa jirani akapiga kelele kwamba ameona mkono mtupu umetokea ukutani. Sasa kijiji kizima kinasema mna mizimu kwenye kompyuta yenu.

Wazee wameahirisha hadi 19 Julai. Nguzo ziko palepale na baba mdogo ameongeza waya. Umenivua nguo mbele ya ukoo, nami nataka kujua ulifanya nini. Usinieleze picha ziko ngapi. Nieleze ulifanya nini.

Marieta


Arusha
30 Mei 2025

Dada yangu, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, Rogathe alilazwa siku nne kwa presha, sasa yuko nyumbani. Mtoto mzima. Natumaini mahindi hayakupigwa na jua.

Mbio ni kosa langu, nakubali. Wakati wa kuzirudisha picha ziwe video, programu ilikuwa imewekwa picha hamsini kwa sekunde, kwa sababu ya harusi tunazopiga na kamera mpya. Sikuangalia. Nimeitengeneza upya, flash nyingine iko na barua hii, sasa mikono ya baba inakwenda kwa mwendo wake.

Sauti haipo. Dada, ukigeuza video kuwa picha, sauti haiji. Picha ni picha. Mtu anatakiwa aitoe sauti pembeni, aitunze, halafu airudishe mwishoni. Haikutunzwa. Diski ya kompyuta ilijaa, picha elfu tisa ni mzigo, nikafuta video ya mwanzo ili kupata nafasi. Memori kadi ya kamera nayo ilikwenda kupiga harusi Babati, wakarekodi juu yake. Ndivyo ilivyotokea. Nimejaribu programu tatu za kurudisha vilivyofutwa. Hakuna.

Kilichonifanya nigeuze ni ule mfuko wa mkojo. Ulining'inia pembeni ya kiti na mpira wake, na mkojo wenyewe ulikuwa na damu. Nilikuwa nimepanga kuionyesha video msibani. Sikutaka watu wamkumbuke baba kwa mfuko. Wewe ulikuwa umeushika, na mkono wako ulikuwa mbele yake kila picha, sikuweza kuufuta mfuko nikauacha mkono. Basi nikavuta ukuta nikafunika upande wote ule. Sikukusudia kukuondoa.

Unaniandikia kama jambazi. Hata mimi nina langu. Baba alizidiwa Ijumaa. Mimi nilipigiwa Jumapili, akiwa ameshakata roho. Kwa nini, dada? Arusha siyo Ulaya. Sijawahi kukuuliza mbele za watu.

Modest


Masieda
8 Juni 2025

Modest,

Pole kwa kuuguliwa na mkeo, nimemwombea kanisani. Hayo ni ya Rogathe. Yanayofuata ni yako.

Huo mfuko nilikuwa naumwaga mimi. Asubuhi na jioni, miezi saba. Nilijua rangi ya mkojo wa baba kuliko ninavyojua rangi ya nguo zangu. Siku zile hukuwepo, na ulipokuja siku mbili na kamera ukaona aibu. Aibu ya nini? Baba hakuona aibu. Alisema, "Ngoja Marieta akae hapa," nikakaa, nikaushika usimvute. Watu waone hivyo, kwani uongo? Ulitaka baba wa kwenye kalenda. Mimi nilikuwa na baba wa kwenye kiti, na ndiye aliyenipa shamba.

Unasema haikutunzwa. Nani hakuitunza? Unasema ilikwenda kupiga harusi. Ilikwenda yenyewe, kwa miguu? Nimeisoma barua yako mara nne na humo hakuna mtu aliyefanya jambo lolote isipokuwa diski.

Swali lako la Ijumaa na Jumapili sijibu. Siyo sasa.

Nimekaa hapa na hasira zangu napalilia maharage, na jana kitu kimenijia mpaka nikaketi kwenye tuta. Sauti imepotea kwenye mashine. Wewe ulikuwa nyuma ya mashine. Juu ya masikio yako hakuna aliyerekodi harusi ya Babati. Ulisikia kila neno, na baada ya hapo umeutazama mdomo wa baba mara elfu tisa, hakuna mtu duniani aliyeutazama hivyo. Katika barua zako mbili hukuandika hata neno moja alilosema. Umeniambia habari za programu, za harusi, za meno ya mtoto. Alichosema baba, kimya, kama video yako.

Unamwogopa baba mdogo. Najua alikukalisha kwake ukasoma sekondari Katesh, najua ulikula ugali wake. Mimi nilibaki hapa nikachunga.

Andika alichosema baba. Chote. Kama huandiki, usinitumie flash nyingine wala salamu, na tarehe 19 Julai nitasimama peke yangu kama nilivyozoea.

Marieta


Arusha
11 Julai 2025

Dada Marieta, shikamoo.

Hatujambo. Barua hii nimeianza mara nyingi. Mara hii nimefungua kompyuta, nikazipanga zile picha kwa namba, na naandika nikiwa naziangalia. Baba alisema kwa lugha yetu, ila Kiiraqw sijawahi kukiandika, kwa hiyo naweka kwa Kiswahili.

Picha ya 310 mpaka ya 900. "Mimi Agustino nasema nikiwa na akili zangu. Sijanywa, sijalazimishwa."

Picha ya 1,450 mpaka ya 2,600. "Shamba la juu ya korongo, kuanzia ile miti ya migrivea mpaka kwenye lile jiwe wanalokalia mbuzi, ni la Marieta. Siyo la kumtunzia. Ni lake."

Picha ya 3,900 mpaka ya 4,300 anakutazama wewe chini. Anasema, "Mkono huu ndio ulionibeba. Watoto wangu wengine walinitumia salamu."

Picha ya 5,700 mpaka ya 6,300. "Yonas nilishampa lake Endasak, nikamnunulia na ng'ombe wa kulimia. Akija hapa na nguzo, mwambieni nimekataa."

Halafu anakohoa. Wewe unampa maji. Picha ya 8,020 anainua macho, ananitazama mimi, moja kwa moja kwenye kamera. "Nasema kwenye mashine, kwa sababu huyu anayeishika ni mwoga. Yonas akimkazia macho atasema hakusikia. Mashine haina mtu wa kuiogopa."

Ndicho alichosema. Hukuwahi kunikumbusha sentensi hiyo, dada, na nadhani ulikuwa unanihurumia. Afadhali usingenihurumia.

Umeuliza nani hakuitunza. Programu ikigeuza video kuwa picha, inaonyesha kisanduku kidogo cha kuweka tiki kama sauti itolewe pembeni. Nilikiona. Nilikitazama muda, nikakiacha kitupu. Nilijiambia nitaitoa baadaye kwenye video ya mwanzo. Halafu diski ikajaa, hilo ni kweli, lakini humo kulikuwa na harusi tatu ambazo wenyewe walishachukua kazi yao. Ningeweza kufuta hizo. Nilifuta ya baba. Mfuko ndio ulionianzisha, sikudanganyi, ila kabla sijaifuta, kila nilipoiangalia ile video nilikuwa nashusha sauti kabla hajafika kwenye hiyo 8,020. Nilitaka baba anyamaze. Akanyamaza.

Ule mkono aliouona Mama Letisia ni wako. Kuna picha moja niliiruka kwa kusinzia, namba 4,112. Haikuguswa. Mfuko upo, mpira upo, wewe upo, baba anakutazama. Nimeichapisha, imo kwenye bahasha. Wape wazee waishike.

Na karatasi hii usiisome wewe kikaoni. Nakuja na nakala yangu. Nitafika Ijumaa.

Modest


Masieda
27 Julai 2025

Mdogo wangu Modest,

Nakusalimu, pamoja na Rogathe na mtoto. Konsolata amefaulu mtihani wa nusu muhula. Maharage tumepiga, magunia matatu na debe. Uliondoka Jumapili alfajiri bila sisi kuongea, na kosa ni langu, nilijifanya nakamua. Kwa mdomo sikuweza, nina hasira mpaka sasa. Ngoja nikuandikie.

Nguzo zimeng'olewa Jumanne. Wazee waliwasimamia vijana walewale waliozichimbia. Baba mdogo hakuja, ila alituma mtu kuchukua waya wake. Anasema ukoo umemdhalilisha kwa ajili ya karatasi. Siyo karatasi. Ningesoma mimi angecheka kama alivyocheka Aprili. Alipokukazia macho na kusema, "Mwanangu, una hakika ulisikia hayo?" nilijua tumekwisha. Ukamjibu, "Shikamoo baba mdogo. Nilisikia." Basi.

Picha ya 4,112 ilizunguka mikononi mwa wazee wote, ikarudi na alama za vidole. Nimeibandika ukutani juu ya meza. Mama Letisia anasema niikate upande wenye mfuko, wageni wasione. Nimemwambia anayeona aibu akae nje.

Ulichoniuliza Mei, nakujibu sasa kwa kuwa wewe umenijibu langu. Ile Ijumaa baba alikuulizia. Alisema, "Modest yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Hukuwa njiani, sikuwa nimekupigia. Simu ilikuwa mfukoni na ina chaji. Miezi saba nilikuwa naye peke yangu, nikaona wewe utakuja na kamera na suruali safi, na watu wote watakuzunguka wewe. Nilitaka siku mbili za mwisho ziwe zangu. Alikufa akitazama mlango. Sikuombi unisamehe, nami usiniombe bado.

Maana shamba ningelipigania hata bila wewe, mpaka mahakamani. Nililolitaka kwenye ile video ni sauti. Juzi Konsolata alisimama mbele ya picha akaniuliza, "Mama, hapa babu alikuwa anasemaje?" Maneno ninayo yote. Nikafungua mdomo nimsemee kama alivyosema yeye, na ule mkwaruzo wake, na anavyovuta pumzi katikati. Haikuja. Nilijaribu peke yangu kule zizini, haikuja. Miezi sita tu, Modest.

Ila nikueleze kitu ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa umeinamia karatasi. Ulisoma kwa Kiswahili, ukawa unawageuzia wazee kwa Kiiraqw. Ulipofika picha ya 8,020 ulisimama, tukadhani utaruka. Hukuruka. Neno "mwoga" ulilitamka kwa lugha yetu, na lilitoka vilevile, na mkwaruzo, na pumzi. Mzee Hhando aliyekuwa anasinzia akainua kichwa akamtafuta baba kwa macho. Mimi nilishika meza.

Hasira bado ninayo, usijidanganye. Lakini njoo Desemba, bila kamera. Ukae kwenye kiti chake pale uani, uniambie tena hilo neno.

Dada yako,
Marieta